Koo la Mji Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi zisizobebeka zikufikie huko kwenye hospitali yenu ya ghorofa. Hujambo? Sisi huku hatujambo, na sababu ya sisi kutokuwa na jambo ni mimi mjomba wako. Sijisifu. Mtu anayesema ukweli hajisifu, anatoa taarifa. Katika mji huu wote, kuanzia mwalimu mkuu hadi muuza mkaa, hakuna anayepata kidonge, sindano wala bandeji mpaka mdomo wangu ufunguke. Nikinyamaza wiki moja tu, watu watazikana.

Nasikia ulimuuliza mama yako kama bado nashona viatu, akakujibu "bado", kwa ufupi ule wake wa wivu. Ni kweli kibanda changu kipo palepale, kimeegemea baraza ya zahanati ya Daktari. Lakini viatu sasa ni kazi ya mkono wa kushoto. Cheo changu ni Sikio la Daktari, na nitakueleza nilivyokipata, maana wewe ni msomi na msomi hapendi kusikia nusunusu.

Daktari unamjua. Ndiye aliyekupokea siku unazaliwa, ulitoka umekunja ngumi, akasema, "Huyu amekuja na kesi." Alifika hapa kijana mbichi na sanduku moja la bati, akasema anakaa mwaka mmoja tu. Sanduku limekwisha kwa kutu, yeye yupo. Ametibu babu, akatibu mjukuu, na mbuzi wa muuza maziwa akamtibu pia, ingawa alimwambia asitangaze. Na unakumbuka mtindo wake: hakuulizi "unaumwa nini" mbele za watu. Anainama, anakuletea sikio mpaka mdomoni, anasema, "Lete, tuko wawili tu." Unanong'ona. Kilichoingia humo hakikutoka tena. Sikio lile lilikuwa kaburi lenye heshima.

Sasa nakwambia wewe peke yako: sikio lile limezima, na mwenzake pia. Yalififia polepole kama koroboi inayoishiwa mafuta, na mwenyewe hana habari! Anadhani ni sisi. Anadhani mji umeingiliwa na ugonjwa wa koo, sauti zetu zimelegea zote kwa pamoja. Kila anayeingia, awe amevunjika kidole au anaharisha, anaandikiwa dawa yake, na juu yake maji ya chumvi ya kusukutua asubuhi na jioni. Nani amwambie? Mtu amekuvuta kutoka tumboni mwa mama yako, halafu umwambie, "Mzee, umekuwa kiziwi"? Aibu hiyo utaipeleka wapi? Basi tunasukutua. Ukipita mitaani asubuhi unasikia kila ua linakoroma kama vyura wa masika.

Sista wa zahanati ana sauti nyembamba kama sindano zake. Ndipo watu wakanijia mimi. Unajua kabla ya viatu nilikuwa mpiga debe wa stendi. Nilikuwa nikiita abiria wa basi hili, wanashuka wa basi lile. Basi mgonjwa ananinong'oneza dirishani kwa Daktari, mimi nautoa ugonjwa hadharani kwa sauti kamili, Daktari anaupata, anatibu. Kazi inaenda. Kasoro ni kwa mwalimu mkuu tu: aliniambia jambo lake la mapajani, nikalitangaza kwa heshima zote, nikatanguliza na cheo chake. Tangu siku hiyo hanisalimii, na viatu vyake anavipeleka mji wa pili.

Naandika nimesimama. Mtu wa majukumu yangu hana nafasi ya kukaa. Hata viatu siku hizi nashona wima.

Barua namkabidhi kondakta wa basi. Mwambie asante, usimpe kitu, ana deni la soli kwangu.

Ni mimi mjomba wako,
Sikio la Daktari

*

Jumanne, 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, nimechoka tu, zamu zimenikaba. Nawe na mkeo mnaendeleaje? Nashukuru umeandika badala ya kupiga simu. Ulipopiga mara ya mwisho, wodi nzima ya wanawake ilijua kwamba kuku wako ametaga.

Nimecheka barua yako, halafu kicheko kikanikauka. Wiki iliyopita stoo yetu ya dawa ilipokea maombi kutoka zahanati ya huko nyumbani: dawa za koo, katoni kwa katoni, za kutosha jeshi. Bosi wangu, daktari mkuu wa hapa, ambaye sote tunamwita Mama Miwani (akiwa mbali), aliniita akaniuliza, "Wewe si ndiko kwenu? Kuna mlipuko gani wa koo?" Sikusema uongo, Mjomba, lakini ukweli nao sikuusema. Niliangalia viatu vyangu. Sasa ameamua kuja mwenyewe kukagua.

Naomba unielewe vizuri. Akigundua kwamba Daktari hasikii na amekuwa akitibu hivyo hivyo, atampumzisha. Ni haki yake kufanya hivyo. Na akimpumzisha, zahanati itafungwa mpaka apatikane daktari mwingine, na wewe unajua miji kama yetu madaktari wanaipita kwa dirisha la basi tu. Kwa hiyo mwambie Daktari kabla Mama Miwani hajafika. Vipo vifaa vya kusikilizia, vidogo kama punje ya maharagwe, vinavaliwa sikioni. Lakini lazima akubali mwenyewe kwamba anavihitaji.

Swali la pili. Kuna magonjwa ambayo hayapigiwi kelele dirishani. Wenye hayo wanafanyaje?

La tatu: tangu lini fundi viatu anashona amesimama?

Mpwa wako akupendaye

*

Jumatatu, 18 Machi

Mpwa wangu, daktari wangu mdogo,

Salamu zangu zikukute ukiwa na nguvu. Huku sote wazima ila paka wa mama yako, naye ni kwa ulafi.

Ondoa wasiwasi. Umesahau mjomba wako ni nani kwa Daktari. Mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji, na ng'ambo kuna mama anajifungua, nani alimbeba Daktari mabegani? Mimi. Maji yalinifika puani, natembea chini kwa chini kama kiboko, yeye juu yangu ameshika begi lake, ananiambia kushoto, kulia. Mamba alinitazama, akafikiria, akaghairi. Mama yako atakwambia maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Mama yako siku hiyo alikuwa upande ule wenye maji machache.

Basi nilipopata barua yako niliingia kwa Daktari nikafunga mlango. Nikamwambia kwa sauti yangu ya stendi, "DAKTARI! MASIKIO!" na nikayashika yangu yote mawili ili nisiache nafasi ya shaka. Akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu mama yangu afariki. Akanigeuza kichwa, akachukua kile kikoleo chake chembamba, akanitoa nta ya ukubwa ambao kwa heshima yako siutaji. Akanipigapiga bega. "Ulifanya vizuri kuja," akasema, "wanaume wengi huona haya." Na akaniongezea chumvi.

Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Nikamshukuru nikatoka. Lakini kusikia nasikia vizuri mno, mpaka mambo ya jirani.

Mpango wangu mpya ni huu. Huyo Mama Miwani akija, mimi nitasimama nyuma yake. Mgonjwa akitaja ugonjwa, nami nashika mahali penyewe mwilini mwangu. Mgongo, nashika mgongo. Jino, naonyesha jino. Daktari ana macho ya mwewe, atanisoma kama gazeti. Mgeni atarudi kwao akisema hajaona zahanati yenye utulivu namna ile.

Kuhusu magonjwa yasiyopigiwa kelele: hayapo. Mji wetu una afya nzuri sana sehemu hizo.

Kuhusu kusimama, nimekwisha kukueleza. Majukumu.

Mjomba wako,
Sikio na sasa Mikono ya Daktari

*

Jumamosi, 23 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mko salama. Naandika haraka, kondakta ananisubiri. Mama Miwani anakuja Alhamisi. Niliomba nifuatane naye, akanikatalia, kuna zamu.

Tafadhali, usifanye mchezo wa kuigiza. Nakuomba ufikirie jambo moja tu. Maneno ya mgonjwa unaweza kuyapigia kelele. Kifua cha mtoto mchanga utakipigiaje kelele? Kile Daktari anakisikiliza peke yake kwa mipira yake ya kupimia kifua, na wewe ukiwa dirishani huwezi kumsaidia.

Mimi nilijifunza kupenda kazi hii kwa kumtazama yeye. Sitaki aondoke kwa aibu. Lakini sitaki pia mtoto wa mtu aondoke kwa sababu ya adabu zetu.

Mpwa wako

*

Jumatatu, 25 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Tumefanya mazoezi. Mimi na Sista na muuza mkaa, ambaye alikuwa Mama Miwani, tukamvalisha na miwani ya jua. Nilishika magonjwa yote kumi na moja bila kukosea.

Hilo la kifua nimelisoma. Nimelisoma tena. Nimelikunja nimeliweka mfukoni.

Mjomba wako

*

Jumanne, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wazima? Mbona kimya?

Mama Miwani amerudi tangu Ijumaa na hasemi kitu. Amejifungia ofisini. Jana alinisimamisha kwenye korido, akaniuliza, "Yule mwanamume mrefu aliyekuwa nyuma yangu akijishika kiuno na kung'ata meno, ni nani wako?" Nikasema simjui. Unisamehe, ulimi uliteleza wenyewe. Akasema, "Ana pua kama yako," akaenda zake.

Na jambo jingine. Nimepita nje ya ofisi yake asubuhi nikasikia mtu anasukutua.

Nimempigia mama. Ameniambia zahanati imefungwa, Daktari hatoki ndani, halafu akalia, simu ikakatika. Mjomba, nieleze kilichotokea. Kwa mara moja tu nipe ukweli mtupu, usiokaangwa.

Mpwa wako mwenye wasiwasi

*

Jumamosi, 6 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zangu za dhati. Mimi ni mzima, mama yako ni mzima, na ukinikana tena kwenye korido nitakuja huko nikutambulishe mwenyewe, kwa sauti unayoijua.

Nakupa ukweli mtupu. Mwanzo ulikwenda kama nilivyopanga. Mama Miwani aliingia, mfupi, kimya, anasema kama mtu anayehesabu mchele punje moja moja. Akajitambulisha. Daktari akamtazama mdomo, akasikitika, akamwambia, "Mpaka huko kwenu ugonjwa wa koo umefika? Fungua kinywa, mama." Nakuapia, yule mama alifungua kinywa! Nadhani hakuna aliyemwamuru kitu tangu aolewe. Daktari akamulika, akatikisa kichwa, akamwandikia maji ya chumvi.

Akaingia mama mmoja wa mgongo; nikashika mgongo. Muuza mkaa kwa jino lake, nikang'ata. Mambo yanateleza kama mafuta. Ila huyu mama wa mgongo akakumbuka na goti, tena na tumbo, tena kisigino, mimi nafuatisha nyuma pale, napanda nashuka, na Mama Miwani akageuka ghafla. "Wewe bwana una nini?" Nikamwambia, "Furaha tu, mama. Ya kupata wageni."

Halafu akaingia yule bibi muuza ndizi wa kona na mjukuu wake mchanga mgongoni. Mpwa wangu, mtoto yule alikuwa akipumua kama filimbi. Mimi nilikuwa mbali, nilisikia. Mama Miwani alisikia. Hata nzi walisikia. Daktari akaweka mipira yake masikioni, akagusisha kifuani, akafumba macho kama kawaida yake, akatabasamu. "Safi," akasema. "Kimya kabisa."

Hakuna aliyecheka. Bibi alinitazama mimi. Mimi ndiye Sikio, si ndivyo? Nishike nini mwilini mwangu? Ile barua yako ilikuwa mfukoni, ikaanza kuwa nzito kama nyundo.

Lakini Daktari, unamjua, mkono wake haukai bure. Alikuwa ameuweka mgongoni kwa mtoto ili amshike asianguke. Nikaona tabasamu linamwondoka. Akafumbua macho. Akautazama mkono wake kama si wake. Akarudisha mipira. Akaitoa. Akatutazama nyuso zetu, mmoja mmoja, taratibu, kama anasoma ukuta.

"Mkono wangu unasema ndani ya huyu kuna pikipiki," akasema. "Sikio langu linasema hamna kitu. Nani mwongo?"

Mpwa wangu, sauti ilinikimbia. Mimi! Nilimwendea, nikamsogezea mdomo sikioni kabisa, kama alivyokuwa akituletea yeye lake. Nikasema, si kwa kelele sana, "Sikio, Daktari."

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Na koo zenu?"

"Koo zetu nzima."

"Na chumvi?"

"Tunasukutua."

"Kwa nini, jamani?"

"Uliagiza, Daktari."

Alikaa. Tena alikaa kwenye kile kigoda cha wagonjwa, si kiti chake. Akamnyooshea Mama Miwani ile mipira, akamwambia, "Msikilize huyu mtoto, tafadhali, na umtibu haraka. Mimi nimekwisha." Mama Miwani akamtibu pale pale, Sista akimsaidia, na nikutoe hofu: mtoto yule sasa ananyonya kama pampu. Lakini mgeni alipoondoka alisema tu, "Nitaandika nitakachoona ni sawa," na Daktari akafunga zahanati, akaingia nyumbani kwake kule nyuma, akafunga na huko.

Ijumaa hakutoka. Jumamosi hakutoka. Utabisha hodi? Hodi ya nani? Sista aliingiza kikaratasi chini ya mlango kikarudi kimeandikwa, "Nendeni mkatibiwe na mtu mzima." Watu wakaanza kusema atafungasha sanduku. Mama yako akasema Daktari huyu akiondoka, yeye hatakaa augue tena maishani, atakufa mara moja amalize.

Jumatano ndipo wazo likaja. Nikwambie ni langu? Ni langu. Lilimtoka mwanzo bibi muuza ndizi mdomoni, lakini alikuwa karibu na mimi. Tulikwenda mji mzima, kila mtu na kikombe chake. Tukajipanga uani mbele ya dirisha lake, watu wazima, watoto, mwalimu mkuu na tai yake. Nikarusha kijiwe kwenye kioo. (Kioo kimepasuka kidogo. Nitakilipa.) Pazia likafunguka. Nikahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, na mji wote ukarudisha vichwa nyuma ukasukutua.

Hakusikia kitu, mpwa wangu. Lakini aliona. Aliona makoo yote aliyoyatibu maisha yake yameelekea mbinguni yanatetemeka, mwalimu mkuu anabubujika mpaka kwenye tai, muuza mkaa amepaliwa na anapigwa mgongoni. Daktari alishika fremu ya dirisha. Mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikadhani analia, nikataka kukimbia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa sakafuni, tukawa tunaona kipara tu. Halafu mlango ukafunguka, akatoka na kandambili, akasimama mbele yetu akasema, "Nyie ni wagonjwa. Lakini si wa koo."

Ameniambia nikuandikie: hicho kipunje cha maharagwe cha sikioni, atakivaa. Ila zahanati bado imefungwa, tunangoja hukumu ya Mama Miwani wako. Nenda kwake. Mwambie unanijua, mwambie chochote. Mji huu hauna mwingine.

Mjomba wako,
ambaye kwa sasa hana cheo

*

Jumapili, 14 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Sisi wazima na leo nina habari.

Nilibisha hodi ofisini kwa Mama Miwani nikiwa na barua yako mkononi. Nikamwambia, "Yule mwanamume ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, na naona fahari." Akasema, "Pua nilishaiona." Akaomba barua. Nilimsomea mwenyewe. Nilipofika kwenye vikombe alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, na haikuwa na vumbi.

Halafu akasema hivi, nakunukulia: "Mimi nimevaa miwani tangu nikiwa shule, na hakuna aliyenistaafisha kwa ajili ya macho. Masikio yamekosa nini? Kosa lake ni kutopimwa. Kosa lenu ni kunyamaza. Nimemwona mtu aliyekamatwa na mkono wake mwenyewe akasema ukweli mbele ya mkaguzi. Wangapi wangesema mtoto hana kitu?"

Vifaa vinakuja na fundi wake wiki hii, atampima na kumvalisha. Zahanati inafunguliwa. Sharti ni moja: mpaka atakapovizoea, vifua vya watoto visikilizwe na daktari wa pili, kwa miezi sita. Nikauliza nani atakubali kwenda. Akanitazama juu ya miwani mpaka nikaelewa.

Nafika Alhamisi, tarehe 2 Mei. Mwambie mama asichinje kuku yule anayetaga.

Sasa Mjomba, swali nililokuuliza mara ya kwanza, ukalikwepa, nami nikaliacha kwa sababu ya vurugu. Mimi ni daktari na nina macho. Fundi viatu hashoni wima. Kuna nini?

Mpwa wako, anayerudi nyumbani

*

Jumatano, 24 Aprili

Mpwa wangu, Daktari wa Vifua,

Salamu zisizo na idadi. Mimi sijambo, na safari hii nasema hivyo kwa kipimo, utaona mbele.

Vifaa vilifika. Nilivisimamia mimi. Fundi alipomwekea cha kwanza, Daktari aligeuza kichwa, akasema, "Nini hicho kinachokwaruza?" Ni Sista alikuwa anafagia. Akatoka barazani akasimama tu, anasikiliza kuku, baiskeli, watoto. Halafu akanisikia mimi namsalimia, akashika masikio yote mawili. "Ndugu yangu," akasema, "siku zote hizo ulikuwa na sauti hii?" Nikajibu ndiyo. Akawageukia watu akawaambia, "Poleni."

Basi minong'ono imerudi. Anainama, anatoa sikio, "Lete, tuko wawili tu." Watu walipanga foleni mpaka kwenye kibanda cha ndizi. Kumbe mji ulikuwa umejaa magonjwa yale niliyokwambia hayapo! Cheo changu kimekwisha. Nimestaafu kwa hiari, baada ya kuombwa na kila mtu.

Siku ile ya kwanza niliingia na mimi, kwa ajili ya rafiki yangu mmoja ambaye humjui. Alikuwa na jambo lake la muda mrefu, na alikuwa hawezi kulisema dirishani, maana dirishani angemwambia nani? Nilimnong'oneza Daktari hali ya rafiki huyo, chini sana, sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Sasa Daktari kusikia amejifunza, ila kunyamaza bado. Miaka hii yote naye alikuwa akipaza sauti bila kujijua, na koo lake, ambalo peke yake halikusukutua, halijashuka. Akanijibu kwa sauti iliyofika stendi:

"BAWASIRI? TANGU LINI? GEUKA NIONE!"

Foleni yote, mpwa wangu. Muuza mkaa. Bibi wa ndizi. Mama yako, ambaye alikuwa na kikohozi na kikapona papo hapo kwa kicheko. Nilitoka na cheti changu mkononi, natazama mbele tu. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa hanisalimii, akasimama mahali pake, akafunga kifungo cha koti, akanipa mkono mbele za watu wote. "Karibu," akasema. Akaongeza kwamba kiatu chake kimoja kimeachia soli.

Dawa natumia, nafuu naiona. Daktari anasema ugonjwa ungekuwa umekwisha zamani kama ningefika mapema. Sasa ukija tarehe 2, pitia kwenye duka lile la vifaa vya hospitali huko kwenu. Kuna mto fulani wa mpira, wa duara, una tundu katikati. Ufunge vizuri kwenye gazeti, usimpe kondakta, ubebe mwenyewe, na mama yako akiuliza sema ni boya.

Maana yale majukumu niliyokuandikia, mpwa wangu, hayakuwepo. Nilikuwa tu siwezi kukaa.

Mjomba wako